Maharagwe ya Mkono wa Kushoto

Dada yangu ana kichwa kigumu, na mimi nina mdomo, ndiyo maana nyumba yetu haikuwahi kuwa na kimya. Yeye ni fundi cherehani. Nusu ya watu wa mtaa huu wameingia darasani na sare alizowashonea yeye, na wengine wamefunga ndoa na suti zake. Namwonea fahari, wala siombi radhi kwa mtu. Na kwa maharagwe ya kuponda na kukaanga ndiyo usiseme. Mtu akinionjesha ya kwake namwambia ni matamu, halafu naenda kwa dada kusafisha ulimi.

Mwaka huu kiharusi kikampitia, upande wa kulia ukalegea. Alianguka jikoni alfajiri, akalala sakafuni mpaka jua likapanda, na jirani yupo hapo hapo nyuma ya ukuta, mtu ambaye akipiga chafya sisi huku tunamwambia afya. Hakuita. Mimi ndiye niliyemkuta. Nikamuuliza, "Dada, mbona hukuita mtu?" Akanijibu kwa mdomo ulioenda upande, "Watu walikuwa wamelala." Jamani! Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

Alipotoka hospitali mwanawe akaja juu. Huyu ni fundi umeme, tunamwita Bosi kwa sababu tangu yuko mdogo anagawia watu kazi hata msibani. Akasema mama atahamia kwake na nyumba itafungwa.

"Mama, si kwa ubaya," akamwambia. "Kwangu kuna watu. Hapa ukianguka tena, nani atajua? Wewe huiti."

"Sihami ng'o," dada akasema. "Jumapili njoo na mkeo. Nitawapikia maharagwe, mwenyewe, bila mkono wa mtu. Nikishindwa nitafunga virago, tena bila kununa. Nisiposhindwa, utaniacha kwangu."

Bosi akaniangalia mimi. Nikaangalia dari. Nilijua akiondolewa kwenye ile nyumba na cherehani chake, hamalizi mwaka. Na nilijua pia mtoto ana haki ya kuogopa.

Jumamosi nikaenda kulala kwake. Akaloweka maharagwe jioni, akanifukuza nilipotaka kumshikia ndoo. Asubuhi nikamsikia jikoni, "Ala! Nani kanifanyia hivi?" Nikakimbia. Kumbe Bosi, kwa mapenzi yake, mama alipokuwa hospitali alikuwa ameleta maharagwe mapya ya msimu huu akayamimina juu ya yale ya zamani, ili ndoo ya akiba ionekane imejaa. Ni kosa la mtu anayependa mama yake na hajawahi kupika. Mapya yalikuwa yamevimba yakawa laini, ya zamani yamekunjamana, magumu vile vile. Ukiyapika pamoja, haya yanakuwa uji wakati yale bado yanagonga meno. Hayo huwezi kuyaponda yakapondeka.

"Mwaga, tununue mengine," nikamwambia.

"Nimwage chakula? Hebu nipishe."

Akaketi kwenye kigoda, beseni kati ya miguu, akaanza kuyatenga. Kwa mkono wa kushoto! Mkono ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikia kitambaa tu, mwenzake akikata. Anaokota punje, anaibonyeza kwa vidole, hii huku, hii kule. Nikanyoosha mkono.

"Ukigusa hata moja," akasema, "unarudi kwako na chai hujanywa."

Nikaurudisha mkono. Nikanywa chai yangu kimya, mimi, ambaye sijawahi kunywa kitu kimya. Jua lilipofika dirishani alikuwa bado anatenga, jasho linamtiririka, na sikumsikia akisema nimechoka. Waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi walikuwa wanamsema yeye.

Ya zamani akayatia sufuriani kwanza, na maji mapya, bila chumvi, maana chumvi ikiwahi hugomesha ganda. Yalipoanza kulegea akayaongeza yale mapya. Kitunguu alikikandamiza ubaoni kwa kiwiko kilicholegea, akakikata kwa kushoto, vipande vingine vinene kama vidole, vingine vyembamba. "Vitajuana humo humo ndani," akasema. Hakuthubutu kuinua sufuria. Aliyahamisha maharagwe kwa upawa, kidogo kidogo, mpaka kwenye kikaango ambako kitunguu na kitunguu saumu vilikuwa vimeshapata rangi kwenye mafuta. Akatia chumvi, akaanza kuponda.

Hapo kikaango kikaanza kuzunguka. Anaponda, chenyewe kinamkimbia, maana hakuna mkono wa pili wa kukishika. Nikadhani ndiyo basi. Lo! Akaunyanyua ule mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama unavyombeba mtoto aliyelala, akaulaza juu ya mpini ukandamize. "Na wewe fanya kazi," akauambia. "Umekula bure siku nyingi." Nikacheka mpaka machozi, na hayakuwa ya kicheko yote.

Bosi na mkewe walipofika, dada akatutoa wote jikoni. Tukaketi sebuleni kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Harufu ilikuwa imeshajaa nyumba. Tulikuwa tunasikiliza mwiko tu: unakwangua, unazunguka, unatulia kidogo anapoongeza mchuzi wa kuchemshia, unaanza tena. Ikifika hatua ile uji mzito unapoachana na chini ya kikaango, mwiko hutoa sauti ya taratibu, nzito. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaisikia. Nikamkonyeza mke wa Bosi: kashinda.

Mwiko ukanyamaza.

Tukangoja uanze tena. Haukuanza. Bosi akainuka nusu, uso umempauka. Nilijua anachokiona, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona: sakafu, alfajiri, mtu amelala na hasemi.

"Mwanangu!" Sauti ya dada ikatoka jikoni, kubwa, jirani nadhani aliacha alichokuwa anafanya. "Mwanangu, njoo unishike! Naanguka!"

Sijui Bosi alipita wapi, nilikuta meza ya sebuleni imepinduka. Dada alikuwa amening'inia kwenye ukingo wa sinki kwa ule mkono wa kushoto, goti la kulia limekataa kabisa. Mwanawe akamkumbatia kiunoni, mimi nikazima gesi. Maharagwe yalikuwa mazima, hayajaungua hata pembeni. Tukamketisha kwenye kigoda. Macho aliyatupa ukutani.

"Basi," akasema. "Nimeita. Nilisema bila mkono wa mtu, na nimeita. Kesho nitafunga virago. Sinuni."

Nikafungua mdomo kumtetea, Bosi akaniwahi. Alikuwa amepiga magoti mbele yake kwenye sakafu ile ile, analia bila kujificha, mwanaume mzima na mkanda wa vifaa kiunoni.

"Mama, mimi nilikuwa naogopa mkono wako?" akamuuliza. "Siku ile ungeita hivi, nani angezungumza habari ya kukuhamisha? Umeniita, mama. Kaa kwako."

Dada akamgeukia. Mdomo wake, upande ule mzima, ukaanza kucheza.

"Unasema kweli?"

"Kweli, mama. Ila uite. Hata saa ngapi, hata watu wawe wamelala."

Nimemwonea dada yangu fahari kwa mengi, lakini siku ile ilinijaa kifuani. Ukaidi wa kutenga maharagwe kwa mkono mmoja alikuwa nao tangu zamani. Kuita ndiko alikokuwa anajifunza, katika umri ule, mbele ya watu.

Akavuta pumzi, akajipangusa uso kwa kanga.

"Haya, mwanangu," akasema, "nishike mkono, niinuke."