Chokaa ya Kumpokea Askofu

Watu wa kwetu Mitole, tukisikia mgeni mkubwa anakuja, hatuachi kitu bila kukipaka chokaa. Mawe ya njiani, mashina ya miti, hata choo cha shule. Wiki ile askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Vijana wa kigango wakashuka hadi chini ya daraja, wakainua turubai jeusi la Restuta, wakapaka nguzo na boriti nyeupe pe. Walidhani wanamsaidia, masikini.

Restuta alikuwa mkulima wa mihogo, mwanamke wa ulimi mkali, na nyumba yake iko karibu na mto. Ndiyo maana mainjinia walimpa kazi ya kuangalia ufa wa daraja. Walikuwa wamepaka boriti lile rangi yao ya ajabu: zege likivutika penye ufa, rangi hutoa mwanga. Mwanga wenyewe hafifu, kwa hiyo wakamwekea turubai awe gizani hata mchana. Gari zito likipita, yeye yuko chini anatazama. Mstari mfupi, si neno. Ukirefuka, afunge njia na kupiga simu.

Tangu juzi hakuona hata chembe ya mwanga, akafurahi kwamba ufa umetulia. Asubuhi ya misa akainua mkono kuondoa utando wa buibui, kiganja kikatoka cheupe. Akachota maji mtoni, akaanza kusugua kwa kanga.

Hajafika mbali akasikia lori la mumewe, Modesti. Limejaa magunia ya ufuta, na juu ya magunia kwaya nzima. Restuta akapanda ukingo mbio, akasimama katikati ya njia.

"Shukeni wote. Mvuke kwa miguu."

"Mama Lusia, tumechelewa," Modesti alisema. "Umeona mwanga?"

"Sijaona. Chokaa imeziba."

"Sasa unatuzuia kwa lipi?"

"Kwa hilohilo la kutoona."

Wanakwaya wakashuka wakinung'unika. Mmoja akasema wazi kuwa mama huyu anaringia kikazi chake. Wakavuka.

"Askofu yuko nyuma yangu," Modesti alisema kwa hasira. "Utamwambia nini? Naingiza tairi za mbele tu. Nenda katazame."

Restuta alitaka kukataa, lakini alimjua mumewe: angepita tu. Afadhali apite huku yeye yuko chini anatazama. Akashuka, akajifunika turubai.

Lori likanguruma juu ya kichwa chake. Pale aliposugua, mstari wa kijani ukawaka, ukatambaa, ukagawanyika, ukapotelea ndani ya chokaa. Hakujua unaishia wapi.

"Modesti, rudi nyuma! Rudi!"

Zege likalia. Gia zikakwaruza, zikagoma, zikakwaruza tena. Restuta aliomba kwa majina ya watakatifu wote aliowakumbuka, mpaka lori likaanza kurudi polepole.

Akafunga njia, akapiga simu. Modesti akashuka mtoni, akaingia chini ya turubai, akatazama boriti. Giza tupu.

"Mbona sioni kitu?"

"Utauonaje?" Restuta alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Uliwaka wewe ukiwa juu."