Kuanikwa Juani

Nilianikwa juani miaka yangu ya kwanza, na hadi leo nikiona mkeka umetandazwa uani nakasirika. Kila asubuhi mama alinipaka mafuta miguuni, akanilaza kwenye mkeka uleule wa kuanikia ulezi, akawa ananigeuza jua likizidi kupanda. Ushauri huo alipewa na mganga wa zahanati, aliyeitazama miguu yangu iliyopinda kwa nje, akasema nina matege kwa kukosa jua. Kukosa jua, Ufipa hii, ambako hakuna hata miti ya kutosha kulizuia. Jua liliwaka, miguu ikazidi kupinda, na magoti yakauma hadi nikawa natembea kwa kuyumba kama bata.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara iendayo Sumbawanga mjini. Kule tulikotoka nyumba zilitawanyika, kila mtu na upande wake wa kilima. Hapa zilipangwa mistari, ua wetu ukawa barabarani, na kila aliyebeba jembe kwenda shamba la kijiji alinikuta nimelala pale nikimeremeta mafuta. Wanawake walitoa pole. Wakifika shambani walimsema mama yangu: alimsimamisha mtoto kabla ya wakati, alikuwa na haraka ya kushika jembe, mifupa mibichi ikapinda. Mikutanoni tuliambiwa kila siku kwamba binadamu wote ni sawa. Kosa la miguu yangu lilikuwa la mama peke yake.

Baba naye miguu yake haikuwa imenyooka. Ila mwanamume akiwa na matege husemwa ni baiskeli, au ni mpira wa ujanani. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alimsimamisha yeye.

Mama alipopata mimba nyingine, dada zake baba wakaja juu. Walitaka arudishwe kwao Kasense kabla hajaharibu mtoto wa pili. Kikao kikaitishwa uani kwetu, Jumapili baada ya misa. Bibi, mama yake baba, alifika kabla ya wote, kama kawaida yake. Kanisani, msibani, mkutanoni, Bibi alikuwa wa kwanza kuketi na wa mwisho kuinuka, kitenge kikimfunika hadi vidoleni. Watu walisifu heshima yake. Tangu tuhamie kwenye mistari alikuwa akichota maji kabla hakujapambazuka, wakasifu na bidii yake.

Shangazi mkubwa ndiye aliyesema yote. Baba alichorachora ardhi kwa kijiti. Bibi aliangalia viganja vyake. Mama alipoulizwa kama ana la kusema, alisema amenilea kama yeye alivyolelewa, na shangazi akaguna. Wakakubaliana aondoke, likabaki la kuamua nani atamsindikiza.

Ndipo ikashuka mvua ya kwanza ya mwaka, ile ya kwetu yenye mawe, isiyobisha hodi. Wote wakakimbilia ndani, mimi nikiwa nimebebwa na baba. Bibi hakuinuka. Walimwita, akapunga mkono kwamba wasijali, akabaki pale mawe yakimpiga kichwani. Aliona heri alowe chepechepe kuliko kutembea hatua chache mbele ya watoto wake. Aliyetoka kumfuata ni mama. Alimwinua kwa kumshika kwapani, akamkokota polepole kuelekea mlangoni, na kitenge kilicholowa kikamganda Bibi miguuni. Sote tuliona. Ilikuwa miguu yangu, imepinda kwa nje vilevile, na mwendo ulikuwa wangu.

Shangazi mdogo akasema mvua ni baraka, mwaka huu tutapanda mapema. Mama alimketisha Bibi karibu na moto, akamfunika kanga yake kavu. Kisha akamgeukia shangazi mkubwa.

"Wifi, na mama yenu je? Nani alimsimamisha mapema?"

Bibi alikuwa anatokwa na machozi, wakasema ni moshi. Mvua ilipokatika wakaondoka, na habari ya Kasense haikutajwa tena. Kuomba radhi nako hakukutajwa.

Nilipokuwa mtu mzima daktari alinieleza kwamba huu ni ugonjwa wa mifupa wa kurithi, wa nadra, na kwamba jua haliutibu. Nikamuuliza kama mtu anaweza kuupata kwa kusimamishwa mapema. Alicheka, akidhani natania. Bibi nilimpenda, na aibu yake naielewa, maana nimeibeba mimi pia. Lakini alijua. Miaka yote mama aliposemwa, alikuwa amekaa pale na kitenge chake kirefu, anajua. Hilo sijamsamehe.

Asubuhi iliyofuata kikao kile nilikaa mlangoni nikisubiri kupakwa mafuta. Mama alitandaza mkeka uani, akanipita, akamwaga ulezi juu yake.