Nundu katika Maji ya Mzee wa Chupa

Kwenye maabara ya maji walimwita Bi Nukta, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kukubali tarakimu ikatwe. Kama ni tatu nukta nne saba, basi ni hiyo. Anayetaka tatu na nusu aende sokoni akapime vitunguu.

Kazi yake ilikuwa kusaka vilainishi, zile kemikali zinazotiwa kwenye plastiki ili ipindike bila kuvunjika, nazo huchuruzika kidogo kidogo hadi kwenye maji. Alichovya kijiti chenye ncha ya kaboni, akapitisha umeme mdogo, akatazama mstari ukijichora kwenye skrini. Ukinyooka, maji hayana neno. Ukiinua nundu, kilainishi kimo.

Maji ya Mzee wa Chupa yaliinua nundu kubwa. Mzee huyo alikuwa na karakana ya kujaza chupa kwa maji ya kunywa ya kisima chake, akifanya kazi na mwanawe na majirani sita. Bi Nukta alirudia kipimo mara tatu, kisha akatia saini. Karakana ikapigwa kufuli, na mtaa mzima ukavumisha kwamba mzee anawanywesha watu sumu.

Katika wiki saba zilizofuata maji ya bomba ya mjini nayo yaliinua nundu, akalaumu mabomba; kisha yakaletwa maji ya chemchemi. Hayakuwa yamegusa bomba wala tangi. Yalichotwa kwa chupa ya kioo, mlimani kwenyewe. Yakainua nundu ileile.

Bi Nukta alianza kukagua kitu kimoja kimoja. Kijiti kilikuwa kizima, dawa hazijaharibika. Mwishowe akafika kwenye sinki, ulipokuwa unaning'inia mpira laini wa plastiki aliouchomeka kwa mkono wake mwenyewe baada ya ule wa zamani kupasuka, siku chache kabla ya kupima maji ya mzee. Kila sampuli ilimiminwa kwenye kopo lililosuuzwa kwa maji ya mpira huo. Maji yake safi ya kulinganishia yalikaa na kupimwa kwenye mtungi wa kioo, hayakupitia sinki hilo. Ndiyo maana siku zote yalinyoosha mstari. Akakata kipande cha mpira, akakiloweka, akapima. Nundu ilipanda hadi ikatoka juu ya skrini.

"Toa huo mpira, tuendelee na kazi," mkuu wa maabara alimwambia, baada ya kufunga mlango. "Ukilifumua hili, kila cheti tulichotoa kitatiliwa shaka."

"Kinastahili kutiliwa shaka, mkuu."

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu."

"Najua."

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Mimi nikikosea suruali naifumua."

"Suruali haijamfungia mtu kazi, baba watoto."

Kesho yake alichota maji upya kwenye kisima kilicho nje ya karakana, akayapima kwa vyombo vya kioo pekee. Mstari ulinyooka kama uzi. Akaandika barua ya kufuta ripoti yake, akaipeleka kwa mkuu, kisha akaenda kwa mzee kabla woga haujamrudisha nyuma.

Alimkuta ukumbini, ameketi kati ya kreti tupu. Akamweleza yote, bila kujitetea.

"Kumbe ni mpira," mzee alisema. "Mke wangu tulimzika mwezi uliopita. Kila siku alikuwa akiniuliza kama kweli nimewapa watu sumu. Nikamwambia huenda ni kweli, maana mama wa maabara hakosei."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusikia, binti yangu. Kusamehe sijui bado."

Kufuli lilifunguliwa. Barua ilibandikwa kwenye ubao wa maabara, kwa maandishi madogo, na majirani wawili tu ndio waliorudi kazini. Wengine walikwishapata pa kujishikiza, na wateja wengi waliendelea kununua maji kwingine. Bi Nukta alihamishiwa stoo, kuhesabu glavu na chupa. Mara mbili alimwona aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa mpimaji, akichukua makopo bila kuuliza yamesuuzwa kwa maji gani. Mara zote mbili aliweka daftari chini, akamfuata hadi kwenye sinki.