Pikapu Iliyosikika Kalengera

Mimi ni mtu wa kuegesha mteremkoni. Kwa miaka mingi, kila nilipofika mahali, kitu cha kwanza nilichotafuta hakikuwa kivuli wala mlinzi, bali ardhi inayoinama. Betri ya pikapu yangu ya mazutu, yaani dizeli, ilikuwa ya kubahatisha, na kusukuma gari juu ya mawe ya volkano ni adhabu ambayo simtakii hata jirani yangu wa mtaa wa Keshero anayefungulia redio yake alfajiri. Mteremkoni unalegeza breki, gari linateleza, unaachia klachi, linakohoa kidogo kisha linaamka. Likiamka, mtaa mzima unajua.

Maana bomba la moshi lilikuwa limetoboka. Fundi aliliziba mara nne, na mara zote nne mawe ya barabara yakalipasua tena kabla mwezi haujaisha. Nikachoka, nikaliacha lingurume. Mke wangu aliniomba siku za ibada niegeshe mbali na kanisa, kwa sababu, alisema, mchungaji anakaribia kufikiri tunashindana naye. Mimi nilicheka. Ukikaa na kelele muda mrefu huisikii tena, na mimi nilikuwa sisikii chochote.

Mara mbili kwa wiki nilikwenda Rutshuru kuchukua maharagwe na ndizi, nikarudi Goma kupakua kwenye soko la Birere. Ndiyo kazi iliyotulisha. Na kazi hiyo ingenitoa roho siku ile mguu wangu ulipozama kwenye breki hadi chini na gari lisisimame. Nyuma nilikuwa na magunia, na juu ya magunia akina mama wanne. Niliteremsha gia, nikalipeleka ubavu kwenye ukingo wa mawe, vyuma vikalia, tukasimama. Mmoja wa wale akina mama aliimba nyimbo za kanisani kuanzia hapo hadi Goma bila kupumzika. Aliposhuka aliniambia, "Papa, mimi sitapanda tena hii kitu yako. Mungu anachokaka."

Nilijua amesema kweli. Fundi alibadilisha alichoweza, lakini naye akatikisa kichwa. Ndipo nilipoanza kwenda Birere kuangalia pikapu nyingine.

Wanasema fahari ya macho haifilisi duka, basi nilianza kwa macho tu. Kulikuwa na moja nyeupe, si mpya kabisa, lakini mbele ya yangu ilikuwa bibi harusi. Vioo vilipanda kwa kubonyeza. Breki ukiigusa tu inakushika. Nilipoijaribu, nilizungusha ufunguo wakati injini ilikuwa tayari inawaka, kwa sababu sikuisikia, ikatoa mlio wa kukwaruza, na muuzaji akacheka mpaka akajishika kiuno. Niliona haya, lakini niliipenda.

Fundi wangu hakuipenda. Alifunua boneti, akatazama waya na visanduku, akakunja midomo kama mtu aliyeonja limau. "Ile yako ya zamani ikikufia njiani, unafungua kwa ufunguo ya namba kumi na mbili na ya kumi na nne, unafunga na kauchu, kampira tu, unafika kwako. Hii iko na kompyuta. Ukiipatia mazutu ya bidoni, ile ya kando ya barabara, inakufa, na mutu wa kuifufua hauko naye." Nilikaa na maneno hayo wiki mbili. Upande mmoja gari linaloweza kufia popote na kufufukia popote, lisilo na breki za kuaminika. Upande wa pili gari linalosimama vizuri, lakini lenye tumbo la mtoto wa tajiri. Kila nilipofikia uamuzi, ningemkumbuka yule mama na nyimbo zake. Mwishowe breki zilishinda.

Nikampata mtu wa kununua ya zamani, mfanyabiashara wa viazi ambaye kelele hazimsumbui. Tulishikana mikono palepale Birere, nikampa karte roze, kadi ya umiliki wa gari, ili aanze kushughulikia kubadilisha jina. Nilirudi Keshero nikiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo.

Baba yangu anaishi nasi. Miguu imemwisha, lakini masikio na kichwa viko kamili. Nilimkuta na kikombe chake cha maziwa ya jioni, nikampa habari yote kwa mbwembwe, vioo vya kubonyeza na kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ku Kalengera banajua?" aliuliza.

"Bajue nini, papa?"

Aliweka kikombe chini, akakisukuma mbali naye. "Uliuzisha ngombe ya batu bila kuaga."

Nilikuwa nimesahau. Si kwamba sikujua. Nilijua tangu utotoni, na ndiyo maana aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi.

Tulipotoka milima ya Masisi nilikuwa mdogo wa kubebwa. Tulitoka bila ng'ombe hata mmoja, na kwetu mtu asiye na ng'ombe hata salamu yake huitikiwa polepole. Baba alikuwa na rafiki kijijini Kalengera, kando ya barabara ya Rutshuru. Rafiki huyo hakuuliza maswali, alimpa baba mtamba mweusi mwenye doa jeupe kifuani. Mtamba akazaa, uzao wake ukazaa, na nilipooa, baba aliuza wanne wa uzao ule ili nipate pikapu. Lakini kabla ya kuuza alikwenda kwanza Kalengera kuaga. Ng'ombe uliyepewa, na uzao wake wote, humtoi mkononi kabla ya kufika kwenye nyumba iliyokupa na kusema: ng'ombe wenu amefikia hapa, naomba ruhusa. Rafiki yake alikuja hadi Goma kuiona pikapu. Aliizunguka, akaipiga kofi ubavuni kama anavyopigwa ng'ombe aliyenona, akasema, "Bon. Imegeuka, lakini ni ile ile."

Kwa hiyo gari lilikuwa ng'ombe. Na mimi nilikuwa nimempa mtu karte roze yake.

Baba hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alikataa maziwa. Asubuhi alikataa, jioni alikataa, siku ya pili vilevile. Mke wangu alimbembeleza, akamwekea asali. Akasema hana njaa. Katika nyumba ya wafugaji mzee akikataa maziwa ya mwanawe, hakuna haja ya hotuba. Siku ya tatu alinifungukia. "Ule mutu alinipatia ngombe wakati sikukuwa na hata kamba ya kuifunga. Yeye amekufa, siwezi kumuomba musamaha. Ntakutana naye hivi karibuni. Ntamuambia nini?"

Niliumia. Nilikwenda Birere nikamwomba mnunuzi anirudishie karte roze hadi Jumamosi. Alinitazama juu hadi chini. "Muzee muzima na mvi, unaomba ruhusa ku mutu wa Kalengera juu ya gari yako?" Nilimwambia ndiyo. Alinirudishia, akisema labda nimeshikwa na homa.

Nilinunua kasha la sikre, yaani soda, maana sisi ni watu wa kanisa na pombe ya ndizi hatupeleki, pamoja na sukari na sabuni, nikaondoka asubuhi. Rafiki wa baba alikuwa ameacha mjane, na nyumba ilikuwa mikononi mwake. Kwake ni hatua chache tu kutoka barabarani. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi, kwa miaka saba tangu mazishi ya mume wake. Sikuwahi kusimama. Kila mara nilijiambia nitasimama nikirudi, na nikirudi watu wa Birere wanasubiri maharagwe.

Nilipoegesha, kwenye mteremko kama kawaida, alikuwa tayari amesimama nje, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, kiko mdomoni. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Sikuwa najua kwamba haoni. Ndivyo nilivyokuwa mbali na nyumba ile.

"Leo imesimama," alisema, kabla sijatoa salamu. Kisha akatoa kiko mdomoni. "Nani alikufa?"

Swali lile lilinipiga. Mara ya mwisho pikapu iliposimama pale, ilikuwa imeleta jeneza la mume wake kutoka hospitali ya Goma. Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Hakuna mutu alikufa, mama. Nimekuja kuaga."

Tuliingia. Mkwewe alileta chai. Nilisema maneno kama baba alivyonifundisha usiku uliotangulia: ng'ombe wenu amezeeka, meno yameisha, naomba ruhusa nimtoe. Nikakiri pia kwamba nilikuwa nimeshikana mkono na mtu kabla ya kuja. Hapo alivuta kiko, akaniacha nitokwe jasho. Ni mwanamke mwenye ulimi, na nilijua anaupasha moto.

"Nilisema mutoto wa Masisi anakuwaka na adabu," alisema. "Kumbe ni baba yake tu." Kisha: "Ilizala?"

Nilimhesabia uzao wa pikapu. Nyumba ya mabati Keshero. Watoto watatu shuleni. Mke wangu aliyepelekwa maternite kujifungua mara mbili, na mara ya pili hatukufika, mtoto alizaliwa kwenye kiti cha mbele. Na marehemu mume wake yeye mwenyewe, aliyerudishwa nyumbani juu ya pikapu hiyo. Aliitikia kila kimoja kwa kichwa.

"Ilizala muzuri. Uzisha." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Lakini unaniharibia kazi. Kila siku yako ya soko, mimi niko hapa nachambuaka maharagwe. Naisikia ikienda. Kisha nangojea. Zile siku barabara ilikuwa mubaya, bunduki zinalia, sikukuwa nakula mbele isirudi. Ikirudi naambia huyu binti: mutoto wa rafiki wa muzee wangu amepita, lete chakula."

Miaka saba. Nilipita mbele yake nikifikiria bei ya maharagwe, na yeye ndani anakataa chakula hadi nirudi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwambia basi siiuzi, nitatengeneza breki, tutaona. Alinicheka waziwazi. "Ukufe na batu wenye wako mu gari, juu tu ya mimi kusikia kelele? Uzisha. Ila ile mupya uilete hapa, masikio yangu iisome."

Jioni ile baba aliuliza neno moja tu: "Alisema?" Nikamjibu alisema niuze. Alimwita mke wangu, akaomba maziwa, akanywa vikombe viwili mfululizo na kulalamika kwamba yamepoa.

Wiki iliyofuata nilirudi Kalengera na ile nyeupe. Niliegesha mahali tambarare, jambo ambalo bado lilinipa wasiwasi. Hakuna aliyetoka. Nilisubiri kidogo, kwa mazoea, kisha nikashuka nikaenda kubisha hodi. Alikuwa ndani na ungo wake wa maharagwe.

"Ulikuja na miguu?" aliuliza.

"Nilikuja na gari, mama. Iko hapa ku mulango."

Nilimshika mkono, nikamleta nje hadi mbele ya gari. Alisimama wima, akainua kidevu, akazima kiko kwa kidole gumba ili kisimsumbue. Tulisubiri.

"Washa basi," alisema.

"Inawaka, mama."

Hakuniamini. Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya boneti. Aliuacha pale muda mrefu. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mwanamke mzee sana.

"Ni kweli, inatetemeka," alisema. Akaipiga kofi, kofi dogo, kama mume wake alivyoipiga ile nyingine. "Ile ilikuwa inanisalimiaka pa nafasi yako. Hii haina mudomo. Njo sasa utakuwa unashuka mwenyewe, unisalimie."

Nilizima injini, nikamshika mkono tena, tukaingia ndani. Maharagwe ya Birere siku ile yalichelewa.