Baibui la Mama Mdogo

Ndugu yangu, siku hizi harufu ya udi siiwezi. Juzi nilipita Gungu, mwenye duka kawasha udi wake, nikajikuta nimesimama mlangoni, siingii wala siondoki. Akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Ni nyumba ya bibi yangu ya Ujiji inayonifuata.

Nyumba ile ilifuka moshi kila Ijumaa. Asubuhi tulichambua dagaa uani, mikono ikinuka mpaka tunaogopa kujishika uso, na jikoni samaki wetu wa ziwani, migebuka, wakitokota kwenye mawese. Kisha bibi aliwasha chetezo, akakifunikia tenga, akatandaza juu yake nguo za wanawake wote wa nyumbani zipate udi. Moja haikuwa na mvaaji: baibui la mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa fundi wa injini za boti kule Kibirizi. Kazi aliijua kwa kuchungulia tu; wanaume walianza kwa kumcheka, wakaishia kumsubiri. Akanunua suruali ya kaki ya mtumba, goti moja limechanika, akawa anaivaa kazini, anapita na baiskeli mchana kweupe mbele ya baraza za watu. Mimi niliona hakuna mtu mzuri kama yeye. Bibi aliona kavuliwa nguo yeye mwenyewe.

"Watu wananiuliza nimezaa mtoto gani," alimwambia.

"Mama, kanga itanaswa na mashine, inivute. Unataka wakuletee maiti iliyojisitiri?"

 Kesho yake suruali haikuwepo kambani. Jirani alisema kamwona bibi akiingia nayo jikoni, kwenye moto, na sote tukaamini kaichoma. Mama mdogo hakugomba. Alilikunja baibui lake, akaliweka juu ya kitanda cha bibi, akajifunga kanga, akapanda boti ya Kongo. Mwanzoni salamu zake zilikuja na wenye maboti. Baadaye zikakoma.

Bibi hakulia mbele yetu. Ila kila Ijumaa, ilipofika zamu ya baibui lile, alitutoa wote uani. "Nendeni ziwani mkateke maji." Hata ndoo zikiwa zimejaa. Tulidhani anataka alie peke yake.

Mwezi uliopita tulimaliza arobaini ya bibi, nikapewa kazi ya kufungua sanduku lake. Nilikwenda nimevaa jinzi. Jirani yule yule, mzee sasa, aliitikia shikamoo yangu bila hata kunitazama miguu. Iliniuma, sikufichi. Kumbe mwanamke kuvaa suruali lilikuwa jambo dogo hivyo?

Baibui lilikuwa juu kabisa. Nilipolikunjua, ndani yake mlikuwa na suruali ya kaki. Goti lilikuwa na kiraka, kimeshonwa kwa mkono wa bibi, mishono yake ile midogo ya kubanana. Nikaiweka puani. Ilinuka udi, tena udi wa Ijumaa nyingi.

Nililia mpaka wakaja kunishika. Nyumba sasa ina wapangaji, na uani hakuna tena tenga wala chetezo. Lakini Ijumaa haijaniacha. Nasikia kengele ya baiskeli ikija kutoka upande wa ziwa, na kabla sijajizuia nimeshafika mlangoni, nimwambie mama mdogo aingie tu, suruali yake imeshashonwa.