Babu Ndani ya Mzinga

Niliingiza kichwa ndani ya mzinga mtupu wa nyuki, ule wa gogo uliolazwa nyuma ya ghala, nikajifanya babu yangu aliyekufa. Ndiyo, akili zote nilizopeleka shule zilinituma huko.

Ilikuwa mchana, jua limenyamazisha hata kuku. Baba mdogo alikuwa amerudi kutoka vitani na kiu isiyokatika. Kiu hiyo ilimkimbiza mkewe. Alibeba mtoto akarudi kwao Mbooni, akaapa kwamba harudi mpaka pombe iachwe. Baba mdogo akaacha kweli. Asubuhi mikono ilimtetemeka mpaka uji ukamwagikia kifuani, lakini aliacha. Ilibaki desturi tu: kumdondoshea babu kaluvu, pombe yetu ya asali, pale karibu na ghala, kisha yeye aonje funda moja. Mama ndiye aliyetunza kibuyu na kumpimia.

Basi alipodondosha, nikanguruma ndani ya gogo: "Hayo matone ni ya kuku? Niongezee!"

Akasimama wima kama yuko gwarideni. "Ndiyo, baba." Akamwaga. Akanywa. Akamwaga tena. Mimi nimeuma shati nisipasuke kwa kicheko.

Nilirudia kesho yake, na keshokutwa. Kaluvu ya mama ikaisha, baba mdogo akaanza kuleta yake. Nilipomwona anayumba nikageuza maneno: "Mwanangu, wacha pombe."

Akacheka. "Baba, wewe? Tangu lini?"

Hapo nikaogopa, nikakoma. Yeye hakukoma.

Siku moja nilitoka shule nikamkuta ameketi mbele ya mdomo wa mzinga, vikombe viwili vya kibuyu miguuni. Anauliza. Anangoja. Anacheka. Anajibu.

"Baba mdogo," nikasema, "yule alikuwa mimi."

"Wa kwanza alikuwa wewe," akasema, hata hakugeuka. "Babu yako hakuwa na sauti ya beberu. Lakini wewe si umesimama hapo? Na huyu je?"

Akanishika shingo, akanibandika sikio kwenye gogo. Nyuki hawakuwamo. Upepo haukuwepo. Jua lilikuwa linachoma, lakini ule mti ulikuwa baridi kama mtungi. Halafu ndani, mbali kuliko urefu wa gogo lenyewe, nikasikia mtu akimeza.

Nilikimbia jikoni nikamwambia mama yote, hata yale ambayo hakuniuliza. Alichukua shoka akaupasua mzinga vipande vipande. Ndani mlikuwa na nta kavu tu. Akachochea moto kwa vile vipande, akabandika sufuria ya maharagwe.

Baba mdogo akaja polepole, akachuchumaa, akainamisha sikio karibu na mwali.

"Ndiyo, baba," akauambia moto. "Naleta."

Akainuka kutafuta kikombe. Mama akamshika mkono, akamketisha kwenye kigoda kama mtoto. Kisha akanigeukia. Nilikuwa tayari nimetoa shavu, maana nalijua kofi lake, lakini hakunipiga.

"Ulimtafutia mtu wa kunywa naye," akasema. "Basi kesho huendi shule. Utakaa naye wewe, huyo mwingine akija akute nafasi ina mtu."