Spika na Mshairi Mwongo

Sokoni walimwita Spika, maana sauti yake ilimfikia mteja kabla mteja hajashuka kwenye basi. Aliuza suruali za mitumba, ila ndoto yake ilikuwa ukunga. Masomo yote alishafaulu, kikabaki Kiswahili, na ndani ya Kiswahili kikabaki kidudu kimoja: ushairi. Chuo cha ukunga hakikupokea mtu aliyetimiza miaka arobaini. Mwaka ule akikosa tena, basi tena, angezeeka na suruali.

Mwalimu wa darasa la jioni alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Yaani alikosolewa darasani, akakosolewa na kwenye vikao vya ukoo.

Siku hiyo wifi aliandika ubaoni: *Machozi yangu ni mto, umebeba na daraja.*

"Daraja gani?" Spika akauliza. "Liko wapi? Nani alilishuhudia?"

"Wifi, ni shairi."

"Ni uongo! Mteja akitaka punguzo hulia hivihivi. Mara ana wagonjwa nyumba nzima, mara nyumba yenyewe imeungua. Ukimkagua, ana simu mpya. Huyu naye akaguliwe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Wifi hakucheka. Kwenye mtihani uliopita waliombwa wajadili hisia za mshairi, na Spika akaandika: "Mshairi huyu haaminiki, asipunguziwe hata kidogo." Wasahihishaji, watu wasiojulikana kwa ucheshi, walimpa sifuri ya duara, nzuri kweli.

Jumamosi wifi akaenda sokoni kununua suruali. Akamkuta Spika kasimama juu ya meza, shanga zinaruka shingoni.

"Njoo, njoo, njoo! Suruali ngumu kama chuma! Inacheka yenyewe ikikuona! Ukivaa hii, barabara inakupisha!"

"Wifi," mwalimu akaita kutoka chini, "hiyo suruali inacheka?"

"Inacheka, ee!"

"Ina meno?"

"Wifi, usinivurugie biashara."

"Na barabara ikimpisha mtu, inakwenda kukaa wapi? Nani alishuhudia? Jamani, mama huyu akaguliwe!"

Wateja wakacheka hadi muuza viatu wa pembeni akasahau kurudisha chenji, au alijisahaulisha. Spika akawaka.

"Mimi si mwongo! Kila aliye hapa anajua suruali haicheki. Mtu hanunui kitambaa, ananunua atakavyojisikia akiivaa. Sasa hilo nilipime kwa futi? Lazima nilikuze ndipo alione!"

"Na yule wa machozi?"

Spika akashuka mezani, suruali ikining'inia mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu soko lile lijengwe, meza yake ikawa kimya.

"Kumbe," akasema polepole, "hakuwa anatuambia machozi ni mengi kiasi gani. Anatuambia yanamuuma kiasi gani."

"Endelea."

"Na daraja... daraja ndilo lililokuwa linamvusha. Limekwenda na maji, hana pa kupita. Maskini! Mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia mwaka mzima, mama!"

Kuanzia hapo hakukamatika. Wifi alimpa majina ya mbinu za ushairi, yeye akayatia kazini: chuku, kule kutia chumvi, kwenye bei, tashihisi kwenye suruali, takriri kwenye "njoo, njoo". Mumewe akirudi kutoka kazini na kusema amechoka kama punda, aliulizwa kwanza mshairi amekusudia nini kwa tashbihi hiyo, ndipo apewe chakula. Aliteseka, lakini alikula.

Mtihani ukaja, Spika akaandika hadi msimamizi akamnyang'anya karatasi. Matokeo yalipotoka, alifaulu ushairi kwa alama za juu. Akapanda juu ya meza na kulitangazia soko zima, bila kuuza chochote, na watu wakampigia makofi kama wamepunguziwa nusu bei. Chuo kikampokea zikiwa zimebaki wiki chache atimize arobaini.

Sasa kahitimu, yuko chumba cha uzazi, koti jeupe, kucha fupi. Mama wa kwanza aliyekabidhiwa alimshika mkono akapiga ukelele: "Nakufa! Mgongo unapasuka vipande!"

Spika akapima mapigo kwanza, akapima na presha. Vyote vizuri.

"Hiyo ni chuku, mdogo wangu, na ni chuku safi. Nimekuelewa inavyouma. Sasa sukuma!"

Mama akasukuma, akamtukana Spika na ukoo wake mzima, akasukuma tena. Mtoto wa kike akatoka, mzima. Spika akamfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake.

"Huyu," akasema, "hata usimtie chumvi. Mtazame tu alivyo."